Tarakimu Sita za Nsimire

Soko la Cotebu lilikuwa limefurika siku Ilias alipomwona mwanamke aliyebeba kompyuta mgongoni. Alikuwa ameifunga kwa kitenge cha manjano kama mama anavyombeba mwanawe, na jasho likimtiririka kutoka chini ya kilemba.

"Dada, mutoto wako anaitwa nani?" Ilias alimtupia swali kutoka kwenye kibanda chake cha kutengeneza simu na kompyuta.

"Anaitwa Haikuhusu."

"Jina nzuri. Na Haikuhusu anaumwa wapi?"

Kicheko kikamponyoka yule mwanamke. Aliitwa Nsimire, mzaliwa wa Bukavu kule Kongo, muuza vitenge aliyekaa mtaa wa Kinama.

"Picha za simu hazifiki tena mule ndani, fundi. Na za mama yangu ziko mule. Mama alikufa mwaka juzi, na nyumba yetu ya Bukavu walipora yote, mpaka albamu. Hazina fasi ingine."

"Usiniite fundi. Niite Ilias. Na ugonjwa huu unatibiwa nyumbani."

Uongo mtupu. Angeweza kuitibu palepale. Lakini macho yalikuwa yameshaona, na moyo haukutaka kubaki nyuma. Aliibeba kompyuta ile mwenyewe hadi Kinama.

Nsimire alikuwa amesahau neno la siri la akaunti ya picha, na laini yake ya Kongo ilikuwa imepotea. Ilias akaweka neno jipya, na pale panapotakiwa namba ya kupokea tarakimu za kuthibitisha, akaweka namba yake. "Kwa muda tu," alisema. Muda ule ukawa wiki tatu za chai ya tangawizi na simu zisizokwisha.

"Umefika, sheri?" Ilias angepiga mara tu baada ya kumsindikiza.

"Mi niko mlangoni bado! Umeniacha sasa hivi."

"Basi geuka. Nimekumiss."

Ni Jumamosi moja tu Nsimire hakupatikana. Alipoulizwa, alijibu, "Mambo ya familia," akabadilisha mazungumzo.

Siku mbili baadaye Ilias aliona kompyuta imejaa, picha zikirudiwarudiwa. Akadhani folda moja ni nakala tupu, akaifuta. Haikupita dakika tano, Nsimire akapiga ukelele, simu mkononi.

"Ilias! Mama anaondoka!"

Picha zilikuwa zinatoweka mojamoja kwenye simu: mama akisonga ugali, mama akicheka bila meno ya mbele, video anayoimba akipeta maharagwe. Kilichofutwa kwenye kompyuta kilikuwa kinafutika kila mahali.

"Tulia, sheri. Ziko kwenye kapu la taka la akaunti. Zinakaa mule siku makumi tatu kabla ya kupotea kabisa. Nitarudisha zote."

"Uniapie."

"Wallahi."

Umeme ukakatika kabla hajaanza.

Kesho yake alirudi. Nsimire alimfungulia, akatoka kwenda kununua mandazi. Kompyuta ikaamka, na safari hii ikaanza kupokea picha mpya kutoka kwenye simu. Za ile Jumamosi. Nsimire amevaa vitenge vya sherehe, shanga shingoni, ameketi kando ya kijana mwenye suti nyeusi. Mbele yao makreti ya vinywaji, na wazee wa pande mbili wakipeana mikono. Hata mtoto angejua: mahari inatolewa.

Ilias aliinuka, kapu la taka hajaligusa. Alikuwa na kiburi cha mtu aliyejifunza kila kitu peke yake: ufundi, Kifaransa, hata kutunga. Alipofika barabarani akamwandikia:

*Nimeona picha yako, sikusimuliwa kitu;*
*kaa naye bwana wako, usinipigie katu.*

Kisha akaifungia namba ya Nsimire isiweze kumfikia tena.

Siku ya tatu simu ya Ilias ikaleta tarakimu sita. Alijua maana yake: kapu la taka halifunguki bila hizo. Nsimire alikuwa anabisha hodi kwenye akaunti yake mwenyewe, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwa mwanamume aliyemkimbia.

"Aombe bwana wake," Ilias akanong'ona, akazifuta.

Wiki ya pili zikaja tena. Akazifuta. Nsimire alikuja kibandani mara mbili, na mara zote Massoudi, fundi jirani, alimwambia Ilias amekwenda Rumonge, naye Ilias amejikunyata chini ya meza, akiisikia harufu ya mafuta ya nywele zake. Wiki ya nne tarakimu zilikuja mara tano kwa siku moja. Baada ya hapo, kimya.

Hadi asubuhi moja kijana alipoweka simu iliyovunjika kioo mbele yake. Ilikuwa sura ile ile ya kwenye picha.

"Bwana arusi," Ilias alisema akiuma meno. "Bibi hajambo?"

"Bibi gani? Mi ni célibataire, kaka, sijaoa bado."

"Nsimire ni nani wako?"

Kijana, Elysée kwa jina, akacheka. "Aah, ile siku! Kaka yangu Dieudonné na Chance, dada ya Nsimire, wako Canada wote wawili. Wazee wamekataa mahari itolewe kwa viti vitupu. Mi nilikalia kiti ya kaka, yeye ya dada yake. Unajua namna sisi tunafanyaka."

Ilias alijua. Familia ngapi za Kongo alizozijua zilifanya hivyo! Akahesabu kwa vidole tangu alipoifuta ile folda. Siku thelathini na nne.

Alifika Kinama akihema. Nsimire alimsogezea kiti. Ilias akafungua akaunti, akafungua kapu la taka. Tupu. Picha za familia zilizobaki kwenye akaunti zilikuwa za mahari peke yake: Nsimire akitabasamu kwenye kiti cha dada yake.

"Kwa nini hukuniambia?"

"We ulipoona picha, uliuliza? Ulijua kutunga, Ilias. Kuuliza hukujua." Sauti yake haikupanda. "Nilikuwa nataka zile tarakimu tu. Hata kama hunipendi tena. Uliapa."

"Nisamehe, sheri. Nioe... nikuoe, nitafanya chochote..."

"Apana. Toa namba yako kwenye akaunti. Weka yangu."

Alifanya alivyoambiwa. Simu yake ikalia mara ya mwisho. Akazisoma kwa sauti, moja moja, zile tarakimu sita, na Nsimire akaziandika kwenye kiganja cha mkono, polepole, kama mtu anayeandika kitu chenye faida.

Kisha akamfungulia mlango.

"Aksanti, fundi."