Nondo Nne

Asubuhi hiyo mhandisi alilikuta jengo limeinama. Si jengo lenyewe, bali mchoro wake kwenye kompyuta, ambao jana aliuacha wima. Akaunyoosha, akaenda kuchukua chai. Aliporudi, umeinama tena.

Kazi yake ilikuwa kupima kama majengo ya zamani yatahimili tetemeko la ardhi. Huliunda jengo ndani ya kompyuta, akalisukuma ubavuni kidogo kidogo, aone nguzo ipi itavunjika kwanza. Hili lilikuwa hosteli ya wauguzi, ghorofa nne, chini maegesho ya magari yasiyo na kuta. Nguzo za chini zilikatika mapema mno. Kila moja ilikuwa na nondo za chuma nne tu, tena nyembamba.

“Andika nane,” mjomba wake, mwenye ofisi, aliyemsomesha, alikuwa amemwambia jana yake.

“Mjomba, wifi yangu anakaa humo.”

“Basi mhamishe wifi yako.”

Akaandika nane. Jengo likafaulu, akasaini. Jioni ile alimsihi wifi yake ahamie nyumbani kwake.

“Kuna nini?” wifi aliuliza. “Na kama kuna ubaya, wenzangu je?”

“Wewe njoo tu,” mhandisi alisema. Wifi hakuhama.

Sasa ofisi haikutulia. Harufu ya saruji mbichi ilijaa mchana kweupe. Ndani ya ukuta kitu kilikatika kama kuni kavu, kikanyamaza, kikakatika tena. Siku ya nne mchoraji wao, dada mpole asiyepandisha sauti hata akikanyagwa, alisimama ghafla macho yamegeuka meupe, na kwa sauti nzito ya kiume iliyopanda kutoka tumboni, huku vumbi la saruji likimtoka mdomoni na kumwagika juu ya karatasi, na viti vikiteleza vyenyewe kuelekea upande mmoja kana kwamba sakafu imeinuliwa, akaanza kuhesabu: moja, mbili, tatu, nne; moja, mbili, tatu, nne.

“Aitwe mganga,” mjomba alinong'ona.

Mganga alikuja, akafukiza ubani. “Wewe nani? Unataka nini?”

“Nakaa chini ya ile hosteli,” jini akajibu kwa kinywa cha mchoraji. “Ardhi inajinyoosha. Waambieni watoke.”

Mganga alisita. “Mzee, huyu hakuja kudhuru. Anaonya. Nimtoe?”

“Nimekuitia nini? Mtoe!”

Mhandisi alikuwa pale pale mlangoni. Hakufungua mdomo.

Mchoraji alipiga chafya, akaanguka, akaomba maji. Harufu ikaisha.

Siku ya kumi na moja, saa nne asubuhi, waliotoka zamu ya usiku wakiwa wamelala, ardhi ilitikisika. Tetemeko lenyewe halikuwa kubwa. Nyumba nyingi zilipata nyufa tu. Hosteli ilikalia magari yake, kisha ghorofa zikalaliana. Wifi alitolewa kesho yake, amejifunika shuka.

Msibani mjomba alishika kipaza sauti, akasema ni mapenzi ya Mungu.

Matanga yalipokwisha, mhandisi alikwenda kwa mganga.

“Mrudishe yule jini,” alilia. “Kuna majengo mengine sita niliyosaini hivyo hivyo.”

“Nimemwita, haji. Anasema anawaogopa ninyi.” Mganga hakumkaribisha kiti. “Na wewe kinywa unacho. Mbona unataka jini akusemee?”

Simu ikaita mkobani. Mhandisi aliitazama, akafuta machozi, akapokea.

“Naam, mjomba,” alisema.