Mkono wa Darla Unajua

Kila Jumamosi asubuhi Darla Kubiak hufuta kwa kitambaa mpira wake wa bolingi, mchezo wa kubingirisha mpira mzito ili kuangusha pini kumi za mbao, kisha huubeba hadi ukumbi ulio chini ya kanisa la mtaa wao, jijini Milwaukee. Zamani alikuwa akienda na baba yake. Tangu baba alipofariki mwezi wa pili, anakwenda na Bibi Wanda, mama yake baba.

Ligi yao ni ya mzazi na mtoto. Kwa kanuni zao, mchezaji asiyekuwepo huhesabiwa alama zake za kawaida, kwa hiyo jina la baba, Leonard Kubiak, lilikuwa bado limeandikwa juu ya la Darla. Kila zamu ya baba ilipofika, watu wote walisimama kimya, ndipo mchezo ukaendelea.

Jumamosi moja ilikuwa mechi ya mwisho. Majina ya washindi huchongwa kwenye ubao wa ukutani, na marehemu aliutamani ubao ule miaka mingi asiupate. Darla alitaka kumpatia. Lakini wapi! Tangu msiba, mipira yake ilikuwa ikiishia mferejini, kando ya njia ya mbao, bila kugusa pini.

Alisimama, mpira kifuani, midomo ikimchezacheza. Kiwiko ndani. Bega chini. Tazama mshale wa pili sakafuni. Usiharakishe. Goti...

"We Darla, unasali ama unacheza?" alipayuka Duane, mpinzani wake. "Pini zitaota mizizi!"

Watu wakacheka. Darla akaurusha mpira, ukayumba, ukatumbukia mferejini. Sasa alibakiwa na mtupo mmoja tu. Zisipoanguka pini nane, ubao ungekwenda kwa kina Duane. Akarudi kitini akilia.

"Njoo, mjukuu wangu," Bibi Wanda alimwita. "Unanong'ona nini pale?"

"Maneno ya baba. Yote aliyonifundisha."

"Yote kwa mpigo mmoja? Hata yeye mwenyewe angejikwaa!"

"Nikiacha kuyasema nitayasahau, Bibi. Na nikiyasahau, si nitakuwa nimemsahau na yeye?"

Bibi akamvuta karibu. Machozi yakamlengalenga, maana aliyezikwa alikuwa mwanawe wa pekee.

"Sikiliza, mama," alimwambia. "Baba yako alisema yale ulipokuwa hujui. Sasa unajua. Ukipanda baiskeli, unajisomea maelekezo? Basi. Tazama unakotaka mpira ufike, uuachie. Usinong'one."

Darla akauchukua mpira. Kimya kile kichwani kilimtisha, nusura aanze tena kunong'ona. Akakaza macho kwenye pini, miguu ikaenda yenyewe, mkono ukaachia. Mpira ukanguruma katikati ya mbao. Pini tisa chini! Moja ikatikisika, ikakataa kuanguka, lakini ubao ulikuwa wa Darla na baba yake.

Ukumbi ulilipuka kwa kelele. Darla akageuka mbio, kiganja juu, agonge na baba kama walivyozoea. Hakukuwa na mtu. Mkono ukabaki hewani, naye akaangua kilio cha sauti. Duane akainamisha kichwa.

Bibi Wanda akaja taratibu, akaweka kiganja chake juu ya kile cha mjukuu wake.

"Umeona?" alimwambia. "Hukutamka hata neno lake moja, na bado umemgeukia. Ukishajifunza jambo vizuri, liamini. Ukilipekuapekua kila saa unalivuruga. Baba yako hatakutoka, Darla. Haya, lia mwanangu, nami nilie."

Wakalia pamoja, na hakuna aliyewaharakisha.