Mlango wa Nne wa Zelina

Kila asubuhi Masika alikuwa na kazi tatu kabla ya jua kukaza: kupanga foleni ya maji, kumwosha mdogo wake Jephté uso hata kama hakutaka (na hakutaka kamwe), kisha kumsaidia mama yake kuchambua maharagwe ya kuuza kando ya barabara ya Sake. Kambi ya wakimbizi ya Mugunga, nje ya Goma, imekaa juu ya mawe meusi ya volkano, mawe yanayokula viatu, na kutembea juu yake na bidoni, lile dumu la lita ishirini, kichwani ni kazi ya kuheshimiwa. Masika, mwenye miaka kumi na miwili, aliifanya bila kumwaga tone. Lakini moyo wake haukuwa kwenye maji. Ulikuwa kwenye kazi ya nne, ile aliyoingoja tangu alipofumbua macho.

Kazi ya nne ilikuwa kitabu.

Kule Kiwanja, nyumbani kwao, kulikuwa na rafu yenye vitabu saba vya hadithi moja ndefu iliyoandikwa kwa Kifaransa. Hadithi hiyo iliitwa Milango Saba. Ilieleza habari za msichana aitwaye Zelina, aliyevuka nchi ya ajabu yenye milima inayotembea na ndege wanaojua hesabu, akimtafuta baba yake. Katika kila kitabu kulikuwa na mlango mmoja, na hapakuwa na mlango uliofunguka kwa upanga. Kila mmoja ulidai jambo ambalo Zelina alipaswa kujifunza kwanza. Baba yake Masika, Mwalimu Julien, alikuwa amemsomea vitabu vitatu vya kwanza, jioni moja baada ya nyingine, akibadilisha sauti kwa kila mhusika.

Kisha Mwalimu Julien akaenda Butembo kumzika shangazi yake. Aliaga kwa siku nne. Siku ya tatu vita viliteremka kutoka upande wa Bunagana, barabara ikafungwa, na kila mtu akakimbilia upande aliouweza. Mama alimwambia Masika, "Beba vitu vya masomo, haraka!" Masika akabeba kitabu cha nne cha Zelina. Faili lenye buletini zake, zile ripoti za matokeo ya shule, lilibaki mezani. Kwa dakika ile ya hofu, aliamini kwa dhati kwamba amebeba vitu vya masomo.

Kosa hilo lilimfuata hadi Goma. Mama alipompeleka kwenye shule iliyokuwa karibu na kambi, mkurugenzi, mzee mmoja mpole aliyeitwa Buhendwa, aliuliza, "Ulikuwa kilasi ya ngapi?"

"Ya sita, Papa Direkteri."

"Na buletini iko wapi?"

Masika akaeleza kwamba zimebaki Kiwanja. Mkurugenzi akapumua, akasema, "Batoto ni bengi, nafasi ni kidogo. Rudi kiisha wiki sita, utafanya jaribio la kusoma na hesabu. Ukipita, utaingia kilasi ya sita. Ukianguka, utaanza tena ku kilasi ya ine."

Darasa la nne! Wiki sita, na hana mwalimu wala kitabu cha kiada. Masika alilia njia nzima. Mama yake, Mama Charline, hakumkaripia hata kidogo kwa ajili ya zile buletini. Walipofika kwenye hema lao, akasema, "Lete ile kitabu ya Zelina."

"Mama, ile ni hadithi tu."

"Basi utaisoma. Mimi niliachaka masomo kilasi ya ine, Kifaransa ya kitabu sijue. Wewe utasoma, utaniambia mu Kiswahili, na mimi nitatafuta masomo mule ndani."

Na kweli aliyatafuta, akayapata. Mama Charline alikuwa amefanya biashara ya maharagwe miaka kumi, na hesabu alizifanya kichwani. Zelina alipowalisha walinzi mia tatu kwa siku kumi na mbili, Mama aliuliza, "Mutu mumoja anamaliza guigoz moja kwa siku tatu. Watakula guigoz ngapi?" Guigoz ni lile kopo la maziwa ya unga ambalo wauzaji wa Goma hupimia kila kitu. Masika alihangaika kuandika hesabu kwa makaa juu ya katoni huku Mama akimngoja, jibu likiwa tayari mdomoni. Mbele ya hema walipanga ramani ya nchi ya Zelina kwa mawe meusi, wakaweka kaskazini na kusini, mito na mipaka. Jephté, mwenye miaka sita, alifanywa ndege wa hesabu, akaruka huku na huku akitoa majibu ya uongo.

Mchana Masika aliandika barua ambazo Zelina angemwandikia baba yake, kwa Kifaransa, kwenye daftari. Taratibu barua hizo zikaanza kufanana na zile ambazo Masika mwenyewe angeandika. "Papa, hapa kuna baridi usiku. Papa, nimekuwa mrefu, hutanitambua." Alimkumbuka baba yake kiasi kwamba kifua kilimuuma, na saa pekee ambayo hakikuuma ilikuwa ile ya kitabu.

Halafu wakafika sura ya tisa.

Maneno ya sura ya tisa yalikuwa kama miiba ya sambaza, vile visamaki vya ziwani: mengi, madogo, na yote yanakwama kooni. Siku ya kwanza Masika aliruka mstari mmoja. Hakuna aliyejua. Siku ya pili aliruka ukurasa mzima, akatunga wake. Ilikuwa rahisi ajabu, na hadithi yake haikuwa mbaya hata kidogo. Siku ya tatu Zelina alifika mbele ya mlango wa nne, mlango wa mji ambao ilisemekana baba yake yumo. Katika ukurasa ule Masika alitambua neno "baba" na neno "mlango", na machache mengine. Akainua macho. Mama alikuwa ameacha kuchambua maharagwe, mikono imetulia, anangoja.

"Mulango ukafunguka," Masika akasema. "Baba yake alikuwa amesimama palepale. Akamubeba juu. Wakaingia mu nyumba, wakakula bugali na sambaza."

"Ku ile inchi kuko sambaza?" Jephté akauliza kwa mashaka.

"Iko."

Mama akacheka. Tangu Kiwanja hakuwa amecheka vile, kicheko cha kutoka tumboni, kisha akajifuta macho kwa ncha ya kitenge. Kesho yake aliwasimulia wanawake wote kwenye foleni ya maji. Jioni akasogeza mikeka ndani ya hema, akaacha nafasi ya mtu mzima mmoja. Masika aliiona nafasi ile, lakini angeanzia wapi kusema?

Jumapili baada ya misa, simu ya Mama ikalia. Ni Baba, kutoka Butembo, alikopata kazi ya kufundisha huku akingoja njia ifunguke. Mama aliweka sauti ya nje ili wote wasikie.

"Julien, unajua nini? Tumefika ku mulango wa ine!" Mama alisema kabla hata ya salamu kwisha. "Zelina amemukuta baba yake! Mimi nimesema, kama ule amefika, na wewe utafika."

"Charline," Baba akasema polepole, "mu kitabu cha ine Zelina hamukute baba yake. Anafika, mulango umefungwa, analala inje. Hakuna pahali wanaonana."

Mama alimpa Masika simu bila kumtazama.

"Masika, ulisoma?"

"Papa, yale maneno yalikuwa nguvu, yalinishinda."

"Na sababu gani hukusema kama ni nguvu?"

Salio likaisha, simu ikakatika. Alitamani Mama amgombeze, amchape hata, mambo yaishe. Mama alikaa tu juu ya bidoni tupu, mikono magotini.

"Kwa Kifaransa mimi sina macho," alisema hatimaye. "Macho yangu njo wewe, ni wewe tu. Kumbe nilikuwa natembea na mutu anayefumba macho, ananiambia njia iko sawa." Akaingia hemani, na Masika akamsikia akirudisha mikeka mahali pake pa zamani. Sauti ile ya mikeka ilimwumiza kuliko fimbo.

Siku mbili hapakuwa na masomo. Mama aliuza maharagwe yake, akapika, akalala. Zilikuwa zimebaki wiki tatu kabla ya jaribio. Siku ya tatu Masika alimfuata na kitabu mkononi na kipande cha katoni ya biskuti.

"Mama, unisamehe. Sikutaka Zelina alale inje. Na maneno yalinishinda, nikaona haya." Akainua kile kipande cha katoni. "Tuanze tena sura ya tisa. Neno lenye sijue, nitasema sijue, nitaliandika hapa, na Papa atatuambia Jumapili. Na wewe pia nitakufundisha kusoma Kifaransa, ili hata mimi nikikosea, unione."

"Mimi? Na uzee huu?"

"Wewe Mama una miaka makumi tatu na ine."

"Njo uzee huo," Mama alisema, lakini alikuwa amekwisha kusogea ili Masika akae.

Ikawa kazi ngumu, wala tusidanganyane. Mahali walipokuwa wakisoma kurasa nne kwa siku, sasa walisoma nusu ukurasa. Katoni ilijaa: maneno kumi na saba wiki ya kwanza, ishirini na sita ya pili. Baba aliyaeleza kwa haraka kwenye simu, na mengine waliyabaini wenyewe kwa kusoma sentensi ya kabla na ya baada mpaka maana ikajitokeza. Mama alikuwa hodari wa jambo hili, kwa sababu hakuogopa kuonekana mjinga. "Hapa tunasimama," alisema. "Sielewi. Wewe unaelewa?" Na Masika alizoea kujibu, "Hapana, Mama." Mara ya kwanza ilimchoma. Mara ya kumi hakuona hata uzito wake.

Walipofika mahali Zelina alipolala nje ya mlango uliofungwa, akijifunika majani, Masika alisoma kila neno. Mama alilia tena, ila kwa namna nyingine. "Heri vile," alisema. "Huyu sasa anafanana na sisi. Kesho yake anafanya nini?" Kesho yake Zelina aliamka, akaanza kujifunza lugha ya walinzi wa mlango, neno kwa neno.

Siku ya jaribio mkurugenzi Buhendwa alimpa Masika hesabu kumi. Saba zilikuwa za magunia na vipimo, na Masika aliona aibu kidogo jinsi zilivyokuwa nyepesi mbele ya zile za mama yake. Kisha akapewa andiko la Kifaransa kuhusu wavuvi wa Kituku, alisome na kulieleza. Mstari wa tano ulikuwa na neno ambalo hajapata kuliona. Watoto wawili waliokuwa mbele yake walieleza kila kitu bila kusita, na yeye angeweza kutunga kitu kizuri, kitu cha mitumbwi na mawimbi. Alijua kutunga.

"Hili neno silijui, Papa Direkteri," alisema. "Lakini kabla yake wanasema nyavu zilipasuka, na kiisha yake wanakaa inje na uzi na sindano. Nafikiri ni kazi ya kushona nyavu."

Mkurugenzi alivua miwani. "Nani alikufundisha kusoma vile?"

"Mama yangu."

"Ni mwalimu?"

"Anauza maharagwe."

Buhendwa aliandika kitu kwenye karatasi yake, akaigeuza ili Masika aione. Kilasi ya sita, zamu ya mchana.

Jumapili iliyofuata Masika alimpasha Baba habari hiyo kwa makelele, Jephté akapiga makelele zaidi, na Baba akacheka mpaka akakohoa. Barabara ilikuwa bado imefungwa. Hakuna aliyelitaja hilo. Kisha Mama akachukua simu.

"Julien, leo mimi njo nitasoma. Masika, usinisaidie."

Aliweka kitabu magotini, akaweka kidole chini ya neno la kwanza. Alisoma Kifaransa kama mtu anayevuka mawe ya volkano bila viatu, neno moja, kisha jingine, akirudi nyuma alipoteleza. Ilikuwa ile sehemu ambapo Zelina, baada ya majira mazima ya kujifunza, anagonga mlango tena. Masika alibana midomo kwa mikono yote miwili ili asimtajie. Mstari wa kwanza ukaisha. Simu ikawa kimya kabisa.

"Papa amekata?" Jephté akanong'ona.

"Hapana," Masika akasema. "Analia."

Sauti ya Baba ikarudi, nzito. "Masika, umesikia? Kama ungeendelea kutunga, leo ungekuwa kilasi ya ine, na mama yako hangesoma hata neno moja. Kusema sijui si haya, mutoto wangu. Haya ni kumuacha mutu anayekuamini atembee mu uongo, hata kama uongo ule ni mutamu. Mimi natamani kufika kwenu kuliko vile mutu wa kitabu anaweza kutamani. Lakini munitunzie ukweli, nikifika niukute. Na wewe Charline, mimi..."

"Julien, nyamaza kwanza," Mama akamkatiza. "Sijamaliza. Kuko mustari ingine."

Akasogeza kidole chini ya neno lililofuata, akaendelea kusoma.