Mteja Wangu wa Kwanza

Nilikuwa na miezi miwili tangu nianze udalali wa nyumba, na sijapata mteja hata mmoja. Nilibandika namba yangu ya simu kwenye kuta na nguzo mpaka gundi ikanikaukia vidoleni. Nilishinda saluni bila kusukwa, nikisikiliza nani anahama na nani kafukuzwa. Dada yangu akaniambia nirudi kwenye cherehani. Nikajifanya sikusikia.

Ndipo nesi mmoja akanipigia. Yeye na mumewe, fundi umeme, walitaka nyumba ya vyumba viwili karibu na hospitali. Nilikuwa nayo moja tu. Mwenye nyumba, mama mmoja aliyeishi jirani, alinipitishia funguo juu ya ukuta. Alisema hawezi kutusindikiza, miguu inamuuma. Dakika chache kabla nilikuwa nimemwona akibeba ndoo mbili za maji.

Tulifika jua likizama. Umeme haukuwepo, basi fundi akabaki nje kukagua mita. Nesi alikuwa mtu wa utani. Sebuleni alisema afadhali padogo hivyo, mama mkwe atakosa hata pa kuweka mkoba. Tukacheka. Akatangulia chumba cha nyuma, nami nikamfuata.

Kulikuwa na harufu ya nywele zilizoungua.

Mlango ukajifunga.

Giza... Kisha pumzi ya mtu shingoni mwangu. Nikamwita nesi. Hakujibu. Kitu kikanikamata kisogo, kikanibamiza ukutani. Mara moja. Mara mbili. Nilisikia pua yangu ikivunjika. Vidole vikaniingia mdomoni, nikaviuma mpaka meno yakagonga mfupa. Mkono wangu ukapapasa sakafuni, ukagusa kipande cha tofali.

Nikapiga.

Kikaanguka. Nikakikalia kifuani, nikapiga tena, na tena... Sitaki kuwadanganya. Nilisikia raha.

"Dada... basi," sauti ilinong'ona chini yangu.

Mlango ukafunguliwa, tochi ya fundi ikatumulika. Niliyemkalia alikuwa nesi. Taya lake lilikuwa limekwenda upande, na kidole kimoja kilining'inia kwa ngozi tu.

Fundi alininyang'anya tofali, akambeba mkewe mbio. Baadaye, kwenye korido ya hospitali, alinieleza kwamba muda wote alikuwa chini ya dirisha la chumba kile. Hakusikia kelele wala kilio. Alitusikia tukicheka, tukibishana kitanda kikae upande gani.

Nesi alipoweza kuongea, nilikwenda kumwomba msamaha. Aliniambia nisilie. Yeye naye alikabwa gizani na mtu asiyemjua, akapigana kuokoa roho yake.

"Nilikuwa nakuita," alisema polepole. "Wewe ulikuwa umesimama mlangoni, unanitazama. Unatabasamu."

Nikamfuata mwenye nyumba kumrudishia funguo. Alikataa kuzipokea. Nilipombana sana alikiri kwamba mle waliwahi kupanga mawifi wawili, watu waliopendana kama wamezaliwa tumbo moja. Walikutwa chumba cha nyuma, wameuana kwa mikono mitupu. Nikamuuliza ni nani aliyewagombanisha.

"Mimi nilisikia wanacheka," alisema. Akafunga mlango wake.

Wiki tatu zikapita. Pua ilipona ikiwa imepinda. Nilikuwa nimeshabandua matangazo yangu yote, nimemwomba dada cherehani, simu ilipoita. Nesi. Sauti yake ilitoka kwa shida, taya bado limefungwa nyaya.

"Ile nyumba nimeipenda," alisema. "Njoo jioni unionyeshe tena. Mume wangu yuko kazini."

Nilifungua mdomo nikatae. Nilijua kabisa napaswa kukataa.

"Nakuja," nikasema.

Nikasimama mbele ya kioo, nikavua hereni zangu moja moja, nikaziweka mezani. Kisha nikakunja mikono ya blauzi.