Puto la Saa Mbili

Chenda alikuwa amezama kiwiliwili kizima ndani ya rundo la viatu vya mitumba, miguu tu imebaki nje, alipokamata raba moja ya rangi ya machungwa. Akavuta. Raba nayo ikamvuta. Upande wa pili wa rundo kulikuwa na mkono, na mwisho wa mkono kulikuwa na kijana mrefu, vumbi la mawe limemjaa nyusi mpaka alionekana kama sanamu iliyotoroka hekaluni. Jumamosi hiyo soko la Psar Leu lilikuwa limefurika, na nyuma yao kulikuwa na foleni ya watu wanaotaka kuinama pia.

"Achia, kaka. Nimeshika kwanza."

"Umeshika kisigino. Mimi nimeshika mbele, na kiatu huenda mbele."

"Namba thelathini na nane hii. Mguu wako huo mtumbwi, utaingiza kidole gumba tu."

Kijana akautazama mguu wake, akaitazama raba, akaachia.

"Haya, nakiri. Nilikuwa natafuta sababu ya kukusemesha. Mwaka gani wewe?"

Hilo ndilo swali la kwanza la kila mtu wa Siem Reap, maana kila mwaka una mnyama wake, na bila kujua nani mkubwa hujui umwiteje mwenzako: mkubwa ni Bong, mdogo ni Oun, na wapenzi nao huitana hivyohivyo.

"Tumbili."

"Mimi Joka. Basi mimi ni Bong wako, na wewe Oun wangu."

"Wako wa wapi? Ongeza neno moja nikurushie kiatu."

Akaongeza maneno kama mia hivi. Hakurushiwa kitu.

Jina lake Ratanak. Kazi yake ilikuwa kuwasugua wafalme wa mawe: kuondoa ukungu kwenye kuta za mahekalu ya kale ya Angkor, kuandika namba kwenye mawe yaliyoanguka, na kuyarudisha yalikotoka. Chenda alikunja mashuka kwenye dobi la hoteli moja ya mjini, mashuka mia mbili kwa siku, na kabla ya shuka la kwanza alikuwa ameshakimbia kilomita nane kando ya handaki la maji la Angkor Wat. Kuanzia Jumamosi ile wakawa wanakimbia wawili. Miezi miwili tu, na dobi zima lilishajua mlio wa simu yake.

"Oun, umekula?"

"Bong, ndiyo mara ya tatu unauliza, na saa nne haijafika."

"Na hujajibu hata mara moja."

"Nimekula. Wali na nyama ya nguruwe. Unataka na idadi ya punje?"

"Nataka sauti. Punje baki nazo."

Mama yake Chenda, Mama Yorn, aliuza tambi za mchele na mchuzi wa samaki, na hakuwa mtu wa kuchezewa. Binti yake wa kwanza, Sineat, aliolewa na mwanamume aliyeficha mwaka wake wa kuzaliwa. Nyota zao zilikuwa zinagombana. Ndoa haikumaliza msimu wa mpunga, na Sineat akarudi nyumbani na sanduku moja na macho mekundu. Tangu siku hiyo Mama Yorn alikuwa na sheria moja: mwaka kwanza, posa baadaye. Ratanak alipofika kusalimia, shati jeupe limepigwa pasi mpaka linakata, alikuwa hajakaa vizuri mkekani alipoulizwa.

"Mwaka gani, mwanangu?"

"Joka, mama."

Mama akabeba miaka yao akampelekea mzee wa ibada pale pagoda, hekalu la mtaani. Mzee akahesabu vidole, akasema Tumbili na Joka ni tambi na mchuzi. Mama akarudi anatabasamu, jambo ambalo majirani walilizungumzia wiki nzima.

Halafu ikafika Ijumaa, siku mbili kabla ya nusu marathoni ya Angkor.

Ratanak alikuwa zamu juu ya jukwaa la miti, ukutani. Akamwomba Chenda amchukulie namba yake ya kifuani, akamtumia picha ya kitambulisho. Chenda akasimama kwenye foleni, akafungua picha acheke sura ya mpenzi wake kwenye kitambulisho, kwani nani hutoka vizuri humo? Akacheka. Kisha akasoma tarehe.

Elfu moja mia tisa tisini na nane. Hakuhitaji vidole. Huo ni mwaka wa Chui Milia, na Chui Milia na Tumbili hata kwenye ukuta wa pagoda wamechorwa wamepeana mgongo.

Akapiga simu palepale.

"Bong. Wewe mwaka gani?"

"Joka, roho yangu. Umesahau?"

"Kitambulisho chako kinasema nini?"

"Aaa, hicho? Hicho bwana usikijali, hicho ni..."

"Mume wa Sineat naye alisema hivyohivyo. Usikijali."

Akakata. Akamfungia kila mlango simu iliyonao. Kazini akakunja mashuka mia tatu siku hiyo, na msimamizi akamwuliza kama anaumwa.

Hakumwambia mama. Alipanga kumwambia Jumapili kwenye mstari wa kumalizia, mbele ya watu, ili mama asipate nafasi ya kulia. Mama angekuwepo pale na tabasamu lake jipya, na Chenda angelivunja, na mambo ya Ratanak yangeishia hapo.

Jumapili saa kumi na mbili kasoro, mbele ya Angkor Wat, baridi ya Desemba ilikuwa imewavalisha wenyeji makoti na kuwaacha wageni na vikaptula. Minara ilikuwa bado myeusi, anga nyuma yake kama papai lililopasuliwa. Chenda alivaa fulana ya njano, nywele kazibana, uso kaufunga. Alitaka kukimbia chini ya saa mbili. Lengo hilo lilikuwa la wote wawili, na sasa alitaka liwe lake peke yake.

Tatizo lilikuwa puto.

Ratanak mwaka huo alipewa kazi ya kushika mwendo. Mgongoni kafungwa puto jekundu lililoandikwa 2:00, kiunoni kajifunga krama, ile skafu ya pamba ya miraba, na kazi yake ni moja: kila kilomita kwa dakika tano na sekunde arobaini, isizidi isipungue, ili wanaotaka kumaliza kwa saa mbili wamfuate yeye. Watu wapatao ishirini walikuwa wamemzunguka kama vifaranga. Na yeye macho yalikuwa kwenye fulana ya njano.

"Oun! Nipe dakika moja!"

"Nenda kawape watu wako, wao ndio wamekuja kwa ajili ya dakika!"

Filimbi ikalia. Chenda akachomoka.

Alikimbia kwa hasira, na hasira ina petroli nyingi ila tangi lake dogo. Kilomita ya kwanza alikimbia kama mtu aliyesahau jiko linawaka. Ya nne akapita hekalu la Ta Prohm, mizizi imekumbatia kuta kama wapenzi wasiojua watu wanawaona, akaionea kinyaa. Kwenye kilomita ya saba njia iligeuka na kurudi, waliotangulia wakawa wanapishana na wanaofuata. Akaliona puto likija. Ratanak naye akamwona. Walitenganishwa na kamba tu.

"Oun! Kile kitambulisho mama yangu ndiye..."

"Kama una la kusema nikimbilie! Miguu si unayo?"

Na miguu alikuwa nayo. Chenda alijua: kijana huyu akitaka angeruka kamba na kumfikia kabla ya mti wa pili. Aliona miguu ile inataka. Aliona mwili unainamia kamba. Kisha Ratanak akatazama saa mkononi, akageuka kutazama vifaranga wake, akanyooka tena.

"Siwezi! Nina watu!"

"Basi bakia nao!"

Akampita, hasira mara mbili. Lakini kitu kilimwingia kama kokoto kwenye raba. Mwanamume yuko radhi kukosa mke kuliko kuwaibia wageni sekunde kumi. Mtu wa namna hiyo anamdanganya mama yangu mwaka mzima wa kuzaliwa? Miaka miwili? Akaitikisa kokoto. Haikutoka.

Kilomita ya kumi na saba, karibu na hekalu la Bayon, tangi likaisha. Nyuso kubwa za mawe zilikuwa zinamtazama toka juu, kila upande, zote zinatabasamu, na Chenda aliona wazi kwamba zinamcheka yeye. Mapaja yakawa magogo. Nyuma yake akasikia miguu mingi inayotua kwa pamoja, tap, tap, tap, kama watu wanaotwanga kitu kimoja. Kisha kivuli cha puto kikamfikia.

"Oun. Shika mwendo wangu. Usiongee."

"Sina..." alisema Chenda, na pumzi ikamwishia hapohapo.

Ilikuwa mara ya kwanza tangu wajuane kwamba Ratanak anaongea na Chenda hawezi kujibu. Kijana hakuichezea bahati.

"Nilizaliwa mwaka wa Joka, mwaka wa mafuriko makubwa. Nyumba ilikuwa majini, mama akanizalia kwenye mtumbwi, uliza kijiji kizima. Nilipofika miaka minne, mama alitaka kwenda kuvuna na hakuna wa kuniangalia. Akanipeleka shule. Mwalimu akasema mtoto awe na sita. Akaniambia nipitishe mkono juu ya kichwa niguse sikio la upande wa pili. Unaniona mikono yangu? Niligusa sikio, nikagusa na shavu. Mwalimu akaandika sita. Basi nikawa Chui Milia wa karatasi mpaka leo."

"Kwa... nini... huku..."

"Kwa nini sikusema? Nani kule kwetu karatasi yake inasema kweli? Sikuwaza kabisa. Na wewe, mwongo gani anakutumia mwenyewe picha ya kitambulisho?"

"Mwongo... mjinga."

Kicheko kikalipuka nyuma yao. Chenda akageuka. Vifaranga wote ishirini walikuwa wamesogea, wametega masikio, hawajapoteza hatua.

"Mimi karatasi yangu inasema nilizaliwa Januari mosi," akadakia shangazi mmoja mnene mwenye kofia ya majani. "Mume wangu pia Januari mosi. Kijiji kizima tunasherehekea siku moja! Mjibu kijana wa watu, binti, tuna kilomita tatu tu!"

"Shangazi, hana pumzi," akasema Ratanak.

"Basi atikise kichwa!"

Wakatokea lango la kusini la mji wa kale, miungu ya mawe upande mmoja na mashetani upande mwingine, wote wanavuta nyoka yuleyule bila kuchoka tangu enzi hizo. Chenda hakutikisa kichwa. Alikuwa anasikiliza ile tap, tap, tap. Dakika tano na sekunde arobaini. Kilomita kumi na tisa, na mtu huyu hakuwa amedanganya hata hatua moja. Mapaja yakaanza kulainika. Mwendo wa mtu mwingine ulikuwa umembeba bila yeye kuomba.

"Oun, una nguvu sasa," Ratanak akasema. "Nenda. Mimi siruhusiwi kuongeza. Nenda utangulie."

Akaenda.

Alipita handaki, akapita watalii, akapita wanaume watatu ambao hawakufurahi, na mstari wa kumalizia ukamjia yeye badala ya yeye kuujia. Saa kubwa ilisema moja, hamsini na nane, arobaini na moja. Chenda akapiga yowe lililowarusha njiwa. Mama Yorn akamdaka, akamfuta jasho kwa krama yake.

"Mwanangu! Sasa unalia nini?"

Chenda akamwambia yote, kwa vipande: Ijumaa, kitambulisho, Chui Milia, sikio. Tabasamu la mama likaondoka. Na puto likatokea, na vifaranga wote ishirini chini yake, wanaimba hesabu ya sekunde. Saa moja, hamsini na tisa, hamsini na mbili. Wakakumbatiana ovyo. Ratanak akatoka katikati yao akasimama mbele ya Mama Yorn, viganja vimekutana usoni kwa heshima, jasho linamdondoka.

"Mwaka gani?" mama akauliza.

"Joka, mama."

"Mwaka huo maji yalifika wapi kwenu?"

"Kwenye mwamba wa paa. Ng'ombe tuliwapandisha kilima cha pagoda. Mama alinizalia kwenye mtumbwi, akakata kitovu kwa kisu cha samaki. Njoo umwulize."

Mama Yorn akakunja krama yake, akaitupia begani. Shangazi wa kofia ya majani alikuwa ameacha kunywa maji yake.

"Sitamfuata," mama akasema. "Yeye ndiye anakuja. Wiki ijayo, na sinia la matunda, kama watu. Lakini kwanza muulize mwenyewe, mimi sichumbiwi."

Ratanak akamgeukia Chenda. Puto lilikuwa linampiga kichwani kwa upepo na hakulijali.

"Oun?"

Pumzi ilikuwa imemrudia Chenda yote. Alikuwa na maneno ya kumgombeza mpaka mwaka mpya, na vifaranga ishirini walikuwa tayari kuyasikiliza.

Akachagua moja.

"Ndiyo."