Kifungo cha Tano

Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu mfululizo, na yule seremala alikuwa amechoka kukaa ndani. Karakana nzima ilimwita Nukta, kwa sababu hakati ubao bila kuuwekea nukta ya penseli, hata ubao wa kuni. Likizo yake ilikuwa inaisha kesho. Upinde ulikuwa ukutani unamtazama. Alasiri mvua ikapungua kidogo, akaushusha.

"Unakwenda wapi na mvua hii?" mkewe akauliza kutoka jikoni.

"Imeshakatika."

"Imekatika wapi? Hebu sikiliza bati."

Nukta akasema mvua ya namna hiyo ndiyo nzuri. Majani yamelainika, hayalii ukiyakanyaga. Harufu ya mtu inafutika. Kulungu wanatoka vichakani kujikung'uta. Maneno hayo ni ya kweli, simpingi. Lakini mkewe hakuwa mtu wa kufungwa kitambaa usoni.

"Na damu je? Mjomba wako alisemaje kuhusu damu?"

Nukta akajifanya anatafuta viatu.

Mjomba huyo ndiye aliyemlea na kumfundisha upinde. Alikuwa fundi cherehani, na kama mafundi wengi, shati lake mwenyewe halikuwa na vifungo. Porini alikuwa na sheria mbili. Ya kwanza, usimpige mnyama kwenye mvua, maana mshale hauui papo hapo, na mvua itaosha damu unayotakiwa kuifuata. Ya pili, ukishapiga usikimbilie. Ukimkimbiza atakwenda hadi kesho. Ukimwacha atajiona yuko salama, atalala, na akishalala haamki. Ili asiwe na haraka, mjomba alikuwa anabeba shati la mteja na kulishonea vifungo vitano, taratibu, kwa uzi wa kijani uliokuwa umemjaa dukani. Wateja walilalamika wakachoka. Kifungo cha tano kikiisha anasimama, anajinyoosha, anaanza kufuata damu.

"Na mnyama uliyemtoboa ukamwacha njiani," alikuwa akimwambia Nukta, "usidhani mmeachana."

Miaka tisa iliyopita mjomba mwenyewe alipiga kulungu kwenye mvua. Akarudi mikono mitupu, amelowa chapachapa, na siku mbili hakutaka kulala. Siku ya tatu wakamkuta kitandani, amelala chali, hana jeraha hata moja. Shati lake lilikuwa na vifungo vitano vipya. Watu wakasema, afadhali, amekufa nadhifu.

"Nitampiga aanguke pale pale," Nukta akasema, akatoka.

Mkewe akainywa chai ambayo mumewe aliiacha nusu kikombeni. Mama huyo alikuwa na ugonjwa mmoja tu: hawezi kuona kitu kimebaki nusu. Ukiacha mlango wazi kidogo ataufunga, ukianza kufagia ukaitwa atamalizia yeye. Mumewe alikuwa akimtania kwamba siku moja atamalizia na pumzi za watu.

Nukta alimwona kulungu jioni, mwanga ukiwa umebaki kiasi cha kuona mkono. Dume, peke yake, amesimama kwenye uwazi. Manyunyu yalikuwa yanaanguka. Akavuta upinde. Akajiambia, huyu ni wa karibu, siwezi kukosa.

Hakukosa. Lakini uzi wa upinde ulikuwa umelowa, mshale ukachelewa, ukaingia nyuma mno, tumboni.

Kulungu hakuruka. Aligeuza kichwa, akamtazama. Kisha akaondoka... akitembea.

Hapo ndipo mvua ilipomwagika.

Nukta alijua anatakiwa akae chini. Angekaaje, na damu inaoshwa mbele ya macho yake? Akakimbia. Miiba ikamvuta shati, vifungo vikaruka kimoja baada ya kingine. Aliona tone kwenye jani, tone kwenye jiwe, halafu maji matupu. Akateleza. Mshale wa pili aliokuwa ameushika mkononi ukamwingia pajani.

Akauchomoa, akafunga jeraha kwa leso. Akasimama pale akihema. Giza lilikuwa linaingia. Mnyama alikuwa hai mahali fulani, anaumia, na yeye ndiye aliyemuumiza. Aliona aibu, tena kubwa. Akageuka kwenda nyumbani.

Njiani akaangalia nyuma mara moja tu. Damu yake ilikuwa imedondoka nyuma yake, jani hadi jani. Mvua ilikuwa inapiga majani yale kwa nguvu.

Damu haikuoshwa.

Kila tone lilikuwa palepale, jekundu, bichi. Na mwisho wa mstari ule wa matone, kwenye giza la miti, kitu kilikuwa kimekaa chini. Hakikumfuata. Kilikaa tu.

Mkewe hakumsema. Alimvua shati, akalianika kwenye kamba ya kibarazani, akamsafisha jeraha na kulifunga vizuri. "Jeraha lenyewe dogo," akasema. "Lala kidogo, nikupashie chakula."

Nukta akapandisha miguu kitandani. Alikuwa amechoka hadi kwenye mifupa. Kichwa kikaugusa mto.

Kibarazani... frrrp.

Sauti ya uzi mrefu unaovutwa kwenye kitambaa.

Frrrp. Kimya. Kisha *tk*. Meno yamekata uzi.

Kimoja.

Akainuka akakaa. Sauti ikasita. Akashusha kichwa taratibu, kwa majaribio tu, hadi kwenye mto. Frrrp. Akainuka tena, lakini safari hii kazi haikusimama. Ikaendelea polepole, kama ya mtu asiye na haraka. *Tk*. Cha pili. Harufu ikapenya chini ya mlango: ngozi mbichi iliyolowa, na mafuta ya cherehani.

"Mpwa wangu..."

Mnong'ono. Aliujua tangu utotoni.

"Umelala?"

Nukta akajiziba mdomo kwa mikono miwili. Sasa alielewa kile alichokiona msituni. Hakikuwa kimeshindwa kumfikia. Kilikuwa kinamwacha ajione yuko salama, alale.

Mkewe akaingia na sahani. "Mbona umekaa? Nimekwambia ulale."

Angemwambia. Lakini alishaonywa mchana, akabisha, akatoka. Aibu ikamziba mdomo. "Sina usingizi," akasema.

*Tk*. Cha tatu. Mkewe hakugeuza hata shingo.

Baada ya cha nne mvua ikakatika ghafla. Kibarazani kukawa kimya. Nukta akachechemea hadi mlangoni, akafungua, akalinyakua shati na kufunga komeo. Lilikuwa kavu. Lilikuwa na vifungo vinne vya pembe, vimeshonwa kwa uzi wa kijani. Cha tano hakikuwepo. Akalisukuma uvunguni mwa kitanda, akavuta kigoda, akakaa wima mgongo ukutani mpaka kulipopambazuka.

Jua likatoka, jua la haki kabisa. Jogoo wa jirani, watoto wa shule, mtu anapiga chafya barabarani. Nukta akakaribia kucheka. Vinne si vitano, akajiambia. Shati likiungua, mambo yameisha. Na akishalichoma atachukua upinde arudi porini, amtafute yule mnyama hadi ampate, hata ikichukua wiki. Akaenda uani, akawasha moto, akaupepea hadi ukashika vizuri. Kwa mara ya kwanza tangu jana akahisi njaa.

Akarudi chumbani kuchukua shati.

Mkewe alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda. Alikuwa amefagia uvungu. Shuka lilikuwa limetandikwa upya, mto umepigwapigwa. Shati lilikuwa mapajani mwake.

"Nani huyu kakushonea vizuri hivi halafu kaishia njiani?" akasema. "Nimekuta kimoja kimebaki, na sindano na uzi vinaning'inia pale pale. Kifungo kilikuwa mfukoni."

Akainamisha kichwa.

"Usikate," Nukta akasema. "Mke wangu, usi..."

*Tk*.

"Basi, kimeisha." Akalikunja shati, akapapasa mto. "Umekesha wewe, macho mekundu. Njoo ulale."

Usingizi ukamvamia Nukta. Akashika ukuta, akateleza nao. Sakafu ilikuwa baridi, tamu, na kope zilikuwa nzito kuliko alivyowahi kuzijua. Alipambana nazo kwa nguvu zake zote.

Nje jua lilikuwa linawaka, na tone la kwanza likagonga bati.

Kibarazani kitu kikasimama, kikajinyoosha mgongo kama mtu aliyekaa muda mrefu kwenye kazi. Kisha kikaanza kutembea. Hatua hazikuwa za viatu.

"Hodi," sauti ikasema taratibu.

"Mgeni asubuhi yote hii," mkewe akasema, akaweka shati chini. "Tulia hapo hapo. Nakwenda kumfungulia."