Ngoma Isiyo na Maungio

Mama Pacha alikuwa ameshika shuka upande mmoja, binti yake mkubwa upande wa pili, wanalikamua kwa kulisokota kama kamba, shemeji yake alipoingia uani mbio bila hata kubisha hodi.

"Shemeji, Fundi hataki kutoka."

"Kutoka wapi?"

"Kwenye stoo ya ule ukumbi. Nimemwita mpaka koo limekauka. Ananitazama kama mtu anayeuziwa miswaki."

"Mwambie nimesema aje. Na aje na mikono yake, kuna nguo za kuanika."

Shemeji hakucheka. Alimtazama binti, akasogea karibu, akashusha sauti.

"Anasema... kila akisimama, anajikuta amekaa."

Binti akaachia upande wake. Shuka likaanguka mchangani.

Siku nyingine Mama Pacha angegomba. Siku hiyo aliliokota, akalirudisha kwenye beseni, akajifuta mikono kwenye gauni. Jua lilikuwa limeshagusa mapaa ya jirani.

"Ongeza maji kwenye maharage," alimwambia binti. "Pacha waoge. Bibi yenu asibebe ndoo, hata akikazana. Nitarudi na baba yenu sasa hivi."

Kazi ya nyumba ile ilikuwa ngoma za bendi, zile kuukuu. Watu walizileta zikiwa zimeota kutu, wakitaka kujua nani alizitengeneza na lini. Fundi aliirithi kazi hiyo kwa baba yake. Mkewe aliipata kwa kushika taa na kusugua kutu, mpaka jicho lake likawa kali kuliko la mumewe. Fundi aliipenda ngoma kwanza, akaikagua baadaye. Mkewe hakuwa na muda wa kupenda ngoma. Alikuwa na pacha.

Asubuhi hiyo Fundi alikuwa ameitwa kwenye ukumbi wa zamani wa dansi uliokuwa ukiuzwa. Ilibaki ngoma moja tu, na mwenye mali alitaka kujua umri wake. Kazi ya saa moja, alisema Fundi, akaondoka hata chai hajamaliza.

Ukumbi ulikuwa mtaa wa tatu kutoka kwao. Viti vilikuwa vimepangwa juu ya viti. Sakafu mbele ya jukwaa ilikuwa imelika kwa visigino vya wachezaji ambao sasa ni mabibi na mababu, au hawapo. Harufu ndiyo iliyompokea kwanza.

Gundi ya mifupa.

Aliijua. Viwanda viliitumia zamani, kabla havijahamia gundi nyeupe ya kopo. Lakini gundi ile ikishakauka hainuki, labda uipashe moto. Hii ilinuka kama imeepuliwa jikoni sasa hivi.

Mwanamke mzee alitoka nyuma ya jukwaa, funguo zimening'inia kiunoni kwa kamba.

"Umemfuata mumeo," alisema. "Nilimwambia aangalie tu. Asiandike."

"Aandike nini?"

"Si nyie mafundi huwa mnaandika?"

Ni kweli, waliandika. Fundi yeyote anayefungua ngoma huandika jina lake na mwaka kwa penseli, ndani, kwenye mbao, ili atakayeifungua baada yake ajue ilipita mikononi mwa nani. Wengine wote huandika mwishoni. Nyumba ya mumewe ilikuwa na mtindo wake: sahihi kwanza, ukaguzi baadaye, kabla mikono haijapata grisi. Walishagombana sana juu ya hilo. Unatiaje sahihi kitu ambacho bado hujakijua?

"Samahani, mama, unaitwa nani?" aliuliza, kwa adabu tu.

Mzee alifungua kinywa. Akakiacha wazi kidogo, kama mtu anayetafuta ufunguo katikati ya funguo nyingi.

"Wananiita Mlinzi," alisema mwishowe.

Akafungua mlango wa stoo.

"Shemeji," alisema Mama Pacha, "shika mlango huu. Usiuachie hata ukiitwa na marehemu babu yako."

"Babu hakuwahi kuniita kwa wema. Siuachii."

Stoo haikuwa na dirisha. Fundi alikuwa amekaa sakafuni mbele ya ngoma kubwa, ile ya kupigwa kwa mguu. Ngozi moja ilikuwa imetolewa, na mdomo wa ngoma ulikuwa umemwelekea usoni.

"Mke wangu," alinong'ona bila kugeuka. "Nitafutie maungio."

"Nyumbani kuna watoto."

"Maungio tu. Kisha twende."

Alipiga magoti, ili wamalize. Nembo ilikuwa ya shaba, kichwa cha kulungu, pembe zimetoka nje ya duara. Hizo zilikuwa nembo za mwanzo kabisa za kiwanda chenye alama ya kulungu. Baadaye pembe zilifupishwa kwa sababu zilichana nguo za wapigaji. Lakini nembo hung'olewa ikabandikwa popote, yeye hakuiamini nembo hata siku moja. Skrubu zilikuwa za msalaba, mambo ya juzi juzi. Gundi ilikuwa ya kale. Sawa, ngoma iliyotengenezwa mara nyingi huwa hivyo, kama kaptura yenye viraka.

Maungio ndiyo husema kweli. Mbao ya ngoma hupindwa mpaka ncha zake zikutane, na kila kiwanda kina namna yake ya kuzikutanisha. Wapo waliokata wima, wapo waliokata mshazari.

Alipitisha kidole ndani, mzunguko mzima.

Akarudia.

Akarudia tena, polepole, kwa ukucha.

Hakuna. Mbao ile haikuanzia popote wala haikuishia popote.

Aliona sahihi ya mumewe: jina lake, la baba yake, na mwaka. Penseli nyeusi, mpya, imekandamizwa kama kawaida yake. Pembeni yake palikuwa na kibonyeo laini, mahali palipokwanguliwa kwa msasa. Na pembeni ya hicho, kingine. Vibonyeo vilizunguka ngoma yote, kama alama za ndui.

"Inuka," alisema.

Alimshika kwapani, akamvuta. Fundi alisimama, uzito wake wote ukamwegemea begani.

Kisha alikuwa amekaa.

Hakumwona akikaa. Mikono yake mwenyewe ilikuwa bado juu, imeshika hewa.

*Du.*

Mlio mmoja, mzito, kutoka kila upande. Mama Pacha aligeuka kumwita shemeji.

Mlango haukuwepo.

Giza lililobaki halikuwa la kufungiwa, lile lenye uzi wa mwanga chini ya mlango. Hili halikuwa na chini. Alinyoosha mikono akafika ukutani. Mbao. Aliufuata ukuta kwa viganja akitafuta kona, maana chumba lazima kiwe na kona, na ukifika kwenye kona unajua uko wapi. Alitembea. Ukuta ulipinda taratibu chini ya viganja vyake... ukapinda... ukaendelea kupinda. Aligonga kitu kwa mguu. Kikaguna.

Ilikuwa mumewe. Alikuwa amezunguka akarudi alipoanzia.

Juu kabisa palikuwa na doa la mwanga, kubwa kama kifungo cha koti, limezungushiwa shaba.

Tundu la hewa. Kila ngoma inalo.

*Du.*

"Tuko ndani," alinong'ona Fundi.

"Nyamaza."

"Mke wangu, tuko nda—"

"Nimesema nyamaza, nafikiri."

Alifikiri juu ya pacha, ambao hawalali mpaka mmoja wao aguswe mgongo. Alimfikiria mama mkwe, ambaye kwa vyovyote sasa amebeba ndoo. Nani angewahesabu usiku? Hasira ikampanda, na hasira ikamsaidia.

"Uliandika kabla ya kukagua."

"Ndiyo."

"Nipe msasa."

"Unataka kufanya nini?"

"Kutoa sahihi."

Alimsikia akipekua mfuko wa aproni. Kipande kilichochakaa kikamfikia kiganjani. Alipapasa ukutani kwa ncha za vidole, akipita kibonyeo, kibonyeo, kibonyeo... mpaka alipokuta michirizi. Mumewe alikuwa mtu wa kukandamiza penseli. Aliisoma kwa kidole kama kipofu. Herufi ya kwanza. Ya pili. Ni yeye.

Akaanza kukwangua.

*Du. Du.*

Ukuta ulitetemeka kama ngozi ya ng'ombe aliyetuliwa na nzi. Upande wa pili wa mbao alisikia mkwaruzo mwingine. Alipokwangua, ulikwaruza. Aliposimama, ulisimama... kisha ukaendelea kidogo, peke yake.

"Taratibu," alisema Fundi gizani, sauti nyembamba. "Hilo ni jina langu."

"Watoto wanangoja."

Msasa uliisha makali. Alitumia kucha. Harufu ya gundi ilimjaa kooni, ya moto, tamu, ya kutapisha. Milio ilikaribiana mpaka hakujua ipi ya ngoma na ipi ya moyo wake. Alikwangua jina. Alikwangua la baba mkwe. Alikwangua mwaka. Alipapasa tena, maana yeye hakuzoea kuacha kazi nusu, akakuta mkia wa herufi moja umebaki.

Akaukwangua nao.

Kimya.

"Shemeji! Shemeji, unanisikia?" shemeji yake alikuwa akimwita.

Mwanga wa jioni ulikuwa machoni mwake. Shemeji alikuwa mlangoni, mikono miwili imeng'ang'ania kitasa, jasho linamtiririka.

"Kwa nini uliufunga?" alimuuliza.

"Sijaufunga! Sijaachia hata kidogo. Ulikaa chini pembeni yake, ukaanza kusugua hewa. Hivi..." Alizungusha mkono, akauficha haraka mgongoni.

Mama Pacha alitazama vidole vyake. Kucha zilikuwa zimevunjika hadi kwenye nyama.

Fundi alikuwa amesimama mwenyewe. Alikuwa akijipangusa suruali, mpole, kama abiria aliyefika.

Nje ya stoo Mlinzi alikuwa anawangoja.

"Umeitoa yote?"

"Yote."

"Mh."

"Kwani ilitakiwaje?"

Mzee alianza kufunga mlango, taratibu, bila kumtazama. "Nendeni. Giza linaingia."

Walikwenda. Shemeji alitangulia, Fundi katikati, yeye nyuma akimshikilia shati. Njia nzima alihakikisha shati lina mtu ndani.

Maharage yalikuwa yameiva na kushika chini kidogo. Binti alipakua wali. Mama mkwe alikuwa amebeba ndoo, akakana, na gauni lake limelowa mpaka magotini. Pacha walimrukia baba yao, mmoja kila mguu, naye akawapapasa vichwa akitabasamu. Mama Pacha aliketi, na kwa mara ya kwanza tangu alipoliokota lile shuka akavuta pumzi mpaka mwisho.

"Mpelekeeni baba yenu maji anawe," alisema.

"Aje yeye, amezeeka?" mama mkwe alitania. Yeye hakumwita mwanawe Fundi kama watu wengine. Alimwita kwa jina alilompa mwenyewe, kwa sauti ya kuvuka nyua tatu. Aligeuka, akavuta pumzi, akafungua kinywa.

Akakiacha wazi kidogo.

"We..." alisema. "We mwanangu. Njoo unawe." Akacheka. "Uzee huu jamani, utaniua."

Shemeji alikuwa ameshika tonge, halifiki mdomoni. Midomo yake ilicheza, ikajaribu kitu, ikatulia.

Mama Pacha alijaribu naye, kimoyomoyo. Jina alilolisema siku ya ndoa. Jina alilolisoma kwa kidole jioni hiyohiyo, herufi kwa herufi. Alilitafuta kama mtu anayepapasa ukuta gizani, na kila alipofika palikuwa laini. Laini, pamebonyea kidogo.

"Baba Pacha," aliita.

Mumewe aliendelea kutazama sahani, akitabasamu, mpaka binti alipomgusa bega. Ndipo akageuka, akawatazama wote kwa upole, mmoja baada ya mwingine, kama mgeni anayesubiri kutambulishwa.

"Kuleni," alisema Mama Pacha. Aliamka akatia komeo mlangoni, akarudi, akahesabu kwa macho. Bibi. Shemeji. Binti. Pacha, huyu na huyu. Na yeye pale.

Wote walikuwepo.